Kijani-manjano si waya wa akiba: rangi za nyaya za ardhi na bondi

Tuanze na taa ya ngazi. Swichi moja chini, nyingine juu, na kati ya swichi hizo zinahitajika nyaya tatu. Kebo iliyopo mkononi ina nyaya tatu kweli: kahawia, buluu, na ile yenye mistari ya kijani na manjano. Hesabu inatimia, fundi anafunga zote tatu, taa inawaka chini na juu, na hakuna anayelalamika.

Tatizo liko ukutani linangoja. Miaka inapita, mwenye nyumba anataka swichi za chuma kwa sababu zinapendeza. Fundi wa pili anafungua boksi, anakuta waya wa kijani-manjano, na kwa akili timamu kabisa anaufunga kwenye skrubu ya ardhi ya swichi mpya. Kabla ya hapo alipima na testa, haikuwaka. Haikuwaka kwa sababu waya wa kupokezana kati ya swichi mbili huwa na moto, yaani umeme, pale tu swichi ya mwisho wa pili ikiwa upande fulani. Ukipima mara moja, umecheza kamari. Ngazi ikitumika tena, uso wa swichi unapata volti 230. Kama njia ya ardhi ipo na ni nzima, breka inaruka na watu wanapona. Kama haipo, swichi inakaa na moto ikimsubiri mtu wa kuigusa.

Fundi wa pili hakuvunja kanuni yoyote ya rangi. Aliyeivunja ni wa kwanza. Watu wengi wanaijua nusu ya kanuni hii, kwamba waya wa ardhi lazima uwe kijani-manjano. Nusu ya pili ndiyo inayoua ikisahaulika: kijani-manjano kisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Hakiwi fezi (waya unaoleta moto), hakiwi nyutro (waya unaorudisha mkondo), hakiwi waya wa swichi, hata kwa muda, hata ukikizungushia tepu nyeusi. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinalisema hili waziwazi: waya wa pekee wenye ganda la kijani-manjano urefu wote ni wa ulinzi tu, na hauruhusiwi kubadilishwa rangi kwenye ncha zake. Isipokuwa moja ipo, waya wa PEN, unaofanya kazi ya nyutro na ardhi kwa pamoja, na tutaifikia.

Kwa nini rangi mbili

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60445 hakikuishia kusema "kijani na manjano". Kinasema katika kila kipande cha waya chenye urefu wa milimita 15, ukikate popote, rangi moja ifunike angalau asilimia 30 ya ganda na isizidi asilimia 70, nyingine ichukue sehemu iliyobaki. Maana yake ni kwamba waya wa kijani wenye uzi mwembamba wa manjano, wa kutafuta kwa miwani, haukidhi kiwango hicho. Ukimenya sentimita mbili tu ndani ya boksi lenye giza, rangi zote mbili lazima zionekane.

Kijani peke yake ni rangi mbaya kwa kazi hii. Watu wenye upofu wa rangi nyekundu na kijani ni wengi kuliko tunavyodhani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mmoja kati ya 12. Kwa macho yao waya wa kijani na wa kahawia, chini ya mwanga hafifu, ni ndugu. Lakini mistari ya rangi mbili, moja nyeusinyeusi na moja ang'avu, wanaiona hata kama hawawezi kuzitaja rangi zenyewe. Kinachotambulika ni mchoro.

Historia nayo ilichangia. Katika majengo ya Ujerumani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, waya wa ardhi ulikuwa mwekundu. Uingereza ya zamani, mwekundu ulikuwa fezi. Kifaa kilichovuka mpaka kikiwa na kebo yake kilikuwa mtego. Ilipotafutwa alama moja ya wote, ilibidi iwe ambayo hakuna nchi iliyokuwa ikiitumia kwa moto, na mchanganyiko huu ukafaa. Ndiyo maana Uingereza ilipobadili rangi za nyaya za majengo kati ya 2004 na 2006, nyeusi iliyokuwa nyutro ikawa rangi ya fezi, na buluu iliyokuwa fezi ya tatu ikawa nyutro, lakini kijani-manjano hakikuguswa. Katika jengo lenye nyaya za zamani na mpya zilizochanganyika, ndiyo rangi pekee ambayo maana yake haikugeuka.

Haimaanishi uiamini bila kupima. Rudi kwenye ile ngazi.

Ardhi ni ipi, bondi ni ipi

Rangi ni moja, kazi ni mbili. Waya wa ardhi wa saketi unatoka kwenye baa ya ardhi, kipande cha chuma zinapokutana nyaya za ardhi, ya ubao wa breka hadi kwenye soketi, jiko, pampu, mota. Kazi yake ni kubeba mkondo mkubwa kwa muda mfupi pale fezi inapogusa chuma cha kifaa, ili breka iruke. Waya wa bondi unaunganisha vyuma ambavyo si vya umeme kabisa: bomba la maji la chuma, bomba la gesi, nguzo za jengo. Huo unafanya vyuma vyote unavyoweza kugusa kwa wakati mmoja viwe na volti ileile, ili mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye jiko visikute tofauti ya kukupitishia mkondo.

Wote wawili ni nyaya za ulinzi, kwa hiyo wote ni kijani-manjano. Kinachowatofautisha ni unene na mahali. Kwa ardhi ya saketi, jedwali la IEC ni rahisi kukumbuka: fezi hadi 16, ardhi iwe sawa nayo, fezi zaidi ya 16 hadi 35, ardhi 16, zaidi ya 35, ardhi nusu ya fezi. Vipimo ni milimita mraba, shaba kwa shaba. Unaweza kupiga hesabu ya mkondo wa hitilafu ukapata waya mwembamba zaidi, na watengenezaji wa kebo hufanya hivyo, lakini jedwali halikuangushi. Waya wa ardhi ukipita peke yake, nje ya kebo, usiwe chini ya 2.5 ukiwa ndani ya paipu, wala chini ya 4 ukiwa wazi. Sababu ya hiyo 4 ni nguvu tu: waya mwembamba unakatika kwa kukwaruzwa na ngazi au kuvutwa na misumari, na waya wa ardhi ukikatika hakuna taa inayozimika kukujulisha.

Bondi kuu, kutoka baa kuu ya ardhi hadi bomba la maji au gesi, haishuki chini ya 6 kwa shaba, na mara nyingi utakuta 10. Mahali inapofungwa kwenye bomba, BS 7671 inataka kibandiko cha kudumu chenye onyo kwamba huo ni muungano wa usalama wa umeme, usiondolewe, herufi zisiwe fupi kuliko milimita 4.75. Kibandiko hicho kinamlenga fundi bomba. Yeye hajasoma rangi za waya, na klampu ikimzuia kukata bomba ataitoa na kuitupa. Hapohapo ndipo rangi ya ukutani inapofanya ubaya wake mara mbili: fundi wa rangi anapaka bomba, waya na klampu kwa pamoja, mistari inapotea, na siku klampu ikisogezwa inakazwa juu ya rangi kavu badala ya chuma. Kwangua bomba hadi ling'ae, kisha kaza.

Ncha au urefu wote

Hapa ndipo mabishano ya mafundi yanapoanzia. Je, naweza kutumia waya mweusi, nikauvalisha kijani-manjano kwenye ncha?

Marekani wana jibu linalotegemea unene. Kanuni zao, NEC, kifungu cha 250.119, zinaruhusu waya wa ardhi wa vifaa uwe mtupu bila ganda, au uwe na ganda la kijani, au kijani chenye mstari mmoja au zaidi wa manjano. Kwao kijani peke yake ni halali, na hiyo ni tofauti ya kwanza ya kukumbuka ukifungua mashine iliyotoka huko: nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro, kijani ni ardhi. Waya mwembamba lazima uwe na rangi hiyo urefu wote tangu kiwandani. Ukifika namba 4 ya AWG, kipimo cha Marekani cha unene wa waya, na kwenda juu kwa unene, yaani takriban milimita mraba 21 na zaidi, unaruhusiwa kutumia waya wa rangi nyingine na kuutambulisha kwenye kila ncha na kila mahali unapofikika. Njia ni tatu: menya ganda lote kwenye sehemu inayoonekana, upake ganda kijani, au uzungushie tepu ya kijani au kibandiko cha kijani. Alama lazima izunguke waya mzima. Kipande cha tepu kilichobandikwa upande mmoja hakihesabiki, kwa sababu waya ukijipinda kitatazama ukuta.

Sababu ya kuachia waya mnene ni ya soko: hakuna anayeweka stoo rola la kila unene kwa kila rangi. Waya mwembamba unapatikana kwa rangi zote, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Kwa waliozoea IEC, mpango ni kijani-manjano urefu wote kwa waya wa pekee. Kwenye kebo yenye nyaya nyingi kuna nafasi zaidi. Kanuni za Uingereza zinataka kila waya wa ndani utambulike kwenye ncha zake, na ikiwezekana urefu wote. Kwa hiyo kebo ya deraya (iliyozungushiwa nyaya za chuma za kuilinda) yenye kahawia, nyeusi na kijivu inaweza kutumika kwa saketi ya fezi moja: kahawia ni fezi, nyeusi inavalishwa buluu iwe nyutro, kijivu kinavalishwa kijani-manjano kiwe ardhi, ncha zote mbili. Kinyume chake hakiruhusiwi. Unaweza kuupandisha cheo waya wa kawaida ukawa ardhi. Huwezi kuushusha waya wa ardhi ukawa fezi.

Kebo za kudhibiti mashine zimetengenezwa na mtu aliyewahi kuona balaa hili. Nyaya zote ni nyeusi zenye namba, 1, 2, 3 na kuendelea, na mmoja tu ni kijani-manjano bila namba. Ukihitaji nyaya saba za kazi, usinunue kebo ya saba ukahesabu na ule wa mistari. Nunua yenye nane, ya nane ikiwa ardhi.

Tepu yenyewe ina maisha yake. Kwenye boksi lenye joto gundi inalegea, tepu inateleza au kudondoka, na waya unarudi kuwa mweusi. Kwa kazi ya kudumu tumia mpira wa kunywea kwa joto wenye mistari ya kijani na manjano. Uvalishe waya mpira huo kabla ya kufunga kishikio cha mwisho, upashe, uache. Nje penye jua ganda la plastiki linafifia, mistari inaanza kufanana, kwa hiyo bondi ya juu ya paa iongezewe kibandiko au ipite ndani ya paipu.

Waya mtupu ndani ya kebo bapa

Kebo bapa ya kijivu ya mtindo wa Uingereza ina ardhi isiyo na ganda, imekaa katikati ya fezi na nyutro. Ndani ya koti la kebo waya huo hauna shida. Shida inaanza pale koti linapomenywa. Waya huo lazima uvalishwe mpira wa kijani-manjano kutoka pale koti linapoishia hadi kwenye skrubu, kwa sababu ukirudisha soketi ndani ya boksi, nyaya zinajikunja, na waya mtupu una tabia ya kwenda kulala juu ya skrubu ya fezi. Kosa la kawaida ni kukata mpira mfupi, sentimita mbili zikabaki wazi nyuma. Pima waya wote, kata mpira, acha milimita chache tu za kuingia kwenye skrubu.

Ujue pia kwamba ardhi hiyo ni nyembamba kuliko wenzake: kebo ya 2.5 ina ardhi ya 1.5, ya 4 ina 1.5, ya 6 ina 2.5, ya 10 ina 4. Hilo ni muhimu unapopima.

Vitu vingine havihitaji rangi kabisa. Deraya ya kebo, paipu ya chuma, au chuma cha jengo kinapotumika kama njia ya ardhi, hakuna anayekudai upake mistari. Na Marekani, waya unaokwenda kwenye nguzo ya ardhi iliyochimbiwa chini haujapangiwa rangi na NEC. Wengi hutumia shaba tupu au kijani kwa mazoea. Vivyo hivyo bondi ya bwawa la kuogelea: wanataka shaba ngumu isiyopungua namba 8 ya AWG, yenye ganda au tupu. Lakini skrubu inayounganisha nyutro na bodi ya ubao mkuu, kama ni skrubu peke yake, lazima iwe ya kijani na ionekane ikiwa imefungwa. Skrubu ya ardhi kwenye soketi zao nayo ni ya kijani, yenye kichwa cha pembe sita, ili hata anayefanya kazi kwa kupapasa aijue.

PEN, ile isipokuwa

Kwenye mifumo fulani, waya mmoja unafanya kazi ya nyutro na ardhi kwa pamoja hadi unapofika kwenye jengo. Huo ni PEN, na kwa sababu una kazi mbili unavaa rangi mbili za kazi: ama kijani-manjano urefu wote na alama ya buluu kwenye ncha, ama buluu urefu wote na alama ya kijani-manjano kwenye ncha. Ukiona waya mnene wa kijani-manjano wenye mkanda wa buluu, usiufungue kama ardhi ya kawaida. Unabeba mkondo wa nyumba nzima. Ukikatika, mkondo unatafuta njia nyingine kupitia vyuma vilivyofungwa kwake, na kila chuma cha kifaa ndani ya jengo kinaweza kupata volti. Ukishagawanywa kuwa nyutro na ardhi, mbele ya hapo viwili hivyo visikutane tena.

Kuna pia ardhi isiyo ya usalama: ile ya kupunguza kelele kwenye mitambo ya mawasiliano na kompyuta, inayoandikwa FE. Hiyo haivai kijani-manjano. Uingereza ilikuwa rangi ya krimu, na tangu marekebisho ya 2022 ni waridi, kufuata IEC. Ukikuta waridi kwenye kabati ya mitambo, usiitegemee kukulinda na mshtuko. Na kwenye kebo za kidhibiti joto cha nyumba za Marekani utakuta waya wa kijani unaoendesha feni: ni volti chini ya 50, na NEC inaruhusu kwa saketi hizo ndogo. Inaruhusiwa, ila mimi nisingefurahi kuikuta ndani ya boksi moja na waya wa ardhi.

Kupima

Rangi inakuambia fundi alikusudia nini. Mita inakuambia alifanya nini. Umeme ukiwa umezimwa na umethibitisha hakuna moto, pima mwendelezo kati ya baa ya ardhi na skrubu ya ardhi ya soketi kwa kifaa kinachotoa angalau miliampea 200. Mita ndogo ya mlio inaweza kukuridhisha kwa uzi mmoja wa shaba uliobaki haujakatika. Linganisha na hesabu. Kwa nyuzi joto 20, shaba ya 1.5 ina miliomu 12.1 kwa kila mita, 2.5 ina 7.41, 4 ina 4.61, 6 ina 3.08, 10 ina 1.83. Mita 20 za kebo bapa ya 2.5, yenye ardhi ya 1.5, zikupe karibu omu 0.24. Ukipata 0.3, angalia skrubu. Ukipata 2, kuna muungano uliolegea au waya si ule unaodhani. Usipopata kitu kabisa, rangi ilikuwa pambo.

Na ukigundua kijani-manjano kinabeba moto, kama kwenye ile ngazi? Zima meinswichi, siyo breka ya taa peke yake, maana waya uliotumiwa vibaya unaweza kuwa umechukuliwa kutoka saketi nyingine. Pima swichi zote mbili zikiwa juu, kisha chini, kisha kwa kubadilishana. Fungua waya huo ncha zote mbili na usiuzungushie tepu ya kahawia ukadhani umemaliza. Vuta kebo mpya yenye nyaya tatu pamoja na ardhi yake, ukitumia kebo ya zamani kama kamba ya kuvutia. Kama ukuta haukubali kuvutwa, ondoa swichi ya pili, rudisha taa kwenye swichi moja kwa nyaya za kahawia na buluu, buluu ukiivalisha mpira wa kahawia kwenye ncha zote kwa kuwa sasa ni waya wa swichi, na kijani-manjano kirudi kwenye baa ya ardhi.